Vidole, kifaa cha mguso, ultrasaundi au mamografia: kipi kitufae kupima titi huku Dodoma

Mwezi uliopita tulikanda unga wa maandazi kituoni, kilo 2, na hatukuukaanga. Niliugawa kwenye mabakuli 4. Katika kila bakuli nikaficha mbegu ya ubuyu, punje ya mahindi, zabibu moja iliyoiva na goroli ya mtoto wangu. Vingine niliviacha juu juu, vingine nikavizika mpaka vikakaribia kugusa bakuli. Nikafunika kwa nailoni, kisha nikawaita wakunga 2 na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 9 watafute kwa vidole bila kufunua.

Mbegu ya ubuyu iliyokuwa juu waliipata wote. Goroli ya chini waliipata 3 tu. Mmoja wao ni mama mtu mzima ambaye alimaliza wa mwisho. Alikuwa akibonyeza pale pale mara 3: kwanza kama anayegusa shavu la mtoto, halafu kwa nguvu ya kati, halafu akakandamiza mpaka bakuli likasogea mezani. Zabibu ilimpita kila mtu, hata yeye. Zabibu ni laini karibu sawa na unga wenyewe, na kidole hakitambui kitu ambacho ugumu wake haupishani na wa jirani zake.

Naomba msomaji akumbuke goroli na zabibu, maana nitazirudia.

Zoezi lile lilikuwa na sababu. Mdau mmoja alitupa nafasi ya kuchagua kimoja kati ya viwili: kifaa cha kushika mkononi kinachochora picha ya titi kwa kuhisi shinikizo, pamoja na kishikwambi chake, au proba mpya, yaani kile kichwa kinachowekwa juu ya ngozi, ya ile ultrasaundi tunayopimia wajawazito. Kituo chetu kipo upande wa Chamwino, hatuna mtaalamu wa mionzi wa kudumu, na akina mama wenye uvimbe wa titi wanaotufikia wengi wao wamechelewa. Nimesoma, nimeuliza, nimelinganisha. Ninayoandika hapa ni kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya watakaokutana na uchaguzi kama huu, na pia kwa mama aliyeambiwa "nenda ukapime" bila kuambiwa apime kwa kipimo kipi.

Kifaa cha mguso kinafanya nini hasa

Kinatosha kiganjani. Upande unaogusa ngozi una vihisi vidogo vya shinikizo vilivyopangwa kwa mistari, kama punje kwenye gunzi la mahindi. Mpimaji anapaka losheni au jeli, anakandamiza na kutelezesha taratibu. Penye nyama laini, ngozi inabonyea na vihisi vyote vinasoma karibu namba moja. Penye kitu kigumu, kile kitu hakikubali kubonyea, kinasukuma kurudi juu, na kihisi kilicho juu yake kinasoma shinikizo kubwa kuliko vya pembeni. Programu inakusanya namba hizo na kuchora ramani ya rangi, rangi moja penye ulaini na nyingine penye ugumu. Mama mwenyewe anaweza kuiona kwenye kishikwambi.

Vihisi hivyo vipo vya aina zaidi ya moja. Kuna vya kapasita, ambavyo ni vibamba viwili vyembamba vyenye kitu kinachonyumbuka katikati. Ukibonyeza, vibamba vinakaribiana na uwezo wake wa kuhifadhi chaji unabadilika. Kuna vya piezoelektriki, vinavyotoa umeme kidogo vinapopindwa. Kwa mpimaji wa kituoni tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Chenye uzito ni kwamba vyote vinasoma jambo moja: saratani nyingi za titi ni ngumu mara kadhaa kuliko mafuta na tezi zinazozizunguka. Ndiyo sababu vidole vya waganga vimekuwa vikizitambua tangu kale.

Wazo la kugeuza mguso kuwa picha lilikomaa miaka ya 1990 nchini Marekani. Armen Sarvazyan, mwanasayansi mwenye asili ya Armenia, alilifanyia kazi kule New Jersey. Parris Wellman na Robert Howe wakalifanyia kazi Harvard. Kundi hili la pili lilichapisha mwaka 2001 ripoti ya majaribio kwa wagonjwa. Walilinganisha vipimo vya uvimbe kabla ya upasuaji na ukubwa wake halisi baada ya kutolewa, na picha ya mguso ikakaribia ukweli kuliko vidole. Hilo si jambo dogo. Mtu anayefuatilia kama uvimbe unakua anahitaji ukubwa anaoweza kuuamini.

Hapa ndipo wauzaji wanapopita haraka, nami nasimama. Kifaa hiki hakioni ndani ya titi. Ultrasaundi inapeleka mawimbi ya sauti ndani na kusubiri mwangwi. Mamografia inapitisha eksirei upande mmoja na kuipokea upande wa pili. Kifaa cha mguso hakipeleki chochote. Kinakaa nje ya ngozi kikisoma kile kinachosukumwa kuja juu. Kwa hiyo goroli iliyo karibu na ngozi itang'aa kwenye skrini, goroli ile ile ikizikwa chini kwenye titi kubwa itafifia, na zabibu inaweza isionekane kabisa. Mbavu nazo ni ngumu, na kwa mama mwembamba zinaweza kujichora kama uvimbe. Titi lililojaa maziwa linavuruga ramani nzima. Kovu la jipu la zamani linasomeka kuwa gumu, na ni gumu kweli, ila si ugonjwa.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, imeviweka vifaa hivi katika kundi lenye maelezo ya wazi kabisa: ni vya kutengeneza ramani ya juu ya titi ili kusaidia kuweka kumbukumbu ya uvimbe ambao tayari umetambuliwa kwa mguso wakati wa uchunguzi wa kitabibu. Sentensi hiyo isomwe mara mbili kabla ya kutia saini hati ya manunuzi. Kazi iliyotajwa ni kumbukumbu ya kile ambacho kidole kimekwisha kukuta. Kuamua kama ni saratani haimo.

Vidole na kifaa

Basi kama kifaa kinafuata vidole, vidole vyenyewe vina thamani gani? Kubwa kuliko tunavyovipa. Mumbai, India, walifanya jaribio la miaka 20 lililohusisha wanawake wapatao 150,000. Nusu yao walichunguzwa matiti kwa vidole vya wahudumu wa afya wa ngazi ya msingi, kila baada ya miaka 2, kwa awamu 4. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Waliochunguzwa, saratani zao zilikutwa katika hatua za mapema zaidi. Kwa wanawake wa miaka 50 na kuendelea, vifo vitokanavyo na saratani ya titi vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa wenye umri mdogo zaidi faida ya namna hiyo haikuonekana. Hakikutumika kifaa chochote chenye betri.

Lakini lazima viwe vidole vilivyofundishwa. Unatumia vidole 3, cha shahada, cha kati na cha pete, kwa ile sehemu laini ya ndani na si ncha. Unachora viduara vidogo, kila mahali kwa nguvu 3 tofauti, ukienda juu na chini kwa mistari kama mtu anayelima matuta, toka kwapani hadi kwenye kidari, toka mtulingani hadi chini ya titi. Ukifanya hivyo kwa uaminifu, titi moja linachukua dakika kadhaa. Wengi wetu tunatumia sekunde.

Kinachoniuma kuhusu vidole ni kwamba havina kumbukumbu. Nitasimulia jambo lililotupata, ili mwenzangu ajue ninamaanisha nini.

Mama mmoja wa miaka arobaini na kitu alikuwa na uvimbe titi la kulia, juu, upande wa kwapani. Nilimchunguza mwenyewe. Kwenye fomu ya rufaa nikaandika mahali kwa kufuata uso wa saa, kama tulivyofundishwa. Mshale ungekuwa kwenye tarakimu 10. Sisi Waswahili mshale ukiwa kwenye 10 tunasema saa nne. Nikaandika "saa nne". Alikokwenda, aliyempima akasoma tarakimu 4, akatafuta chini, upande wa kidarini, kona iliyo kinyume kabisa na ile niliyokusudia. Hakuona kitu. Akamrudisha na karatasi iliyoandikwa kuwa titi ni salama. Mama alifurahi, nami ilinichukua wiki kadhaa kumpata tena, kwa sababu alikuwa ameshahama na familia kwenda kuvuna. Kosa lilianza na kalamu yangu, na tangu siku hiyo sitaji saa peke yake. Nachora duara la titi kwenye fomu, naweka nukta, naandika "juu, nje", na umbali kutoka kwenye chuchu kwa sentimita.

Kifaa cha mguso kingeniokoa na kosa lile. Kingetoa ramani yenye nukta mahali pake, ukubwa na tarehe, na ramani hiyo ingesafiri na mama. Hiyo ndiyo faida yake kubwa zaidi machoni pangu, kuliko madai yoyote ya kugundua. Faida ya pili ni kwamba kinamwonyesha mpimaji amebonyeza kwa nguvu kiasi gani, kwa hiyo mwanafunzi anajifunza kukandamiza vya kutosha. Wale wahudumu 8 walioshindwa goroli ya chini wangeonywa palepale.

Ubaya wake mkubwa ni faraja ya uongo. Mama akiona ramani ya rangi isiyo na doa anaamini mashine imesema hana kitu. Ukimwambia "vidole vyangu havijakuta kitu, ukihisi mabadiliko rudi", atarudi. Ukimwonyesha picha safi, huenda asirudi. Kwapani nako, ambako matezi huvimba saratani inaposambaa, kifaa chenye uso bapa hakikai vizuri. Hapo bado ni vidole.

Ultrasaundi na kifaa

Hapa ndipo nilipokaa siku nyingi, kwa sababu hivi ndivyo hasa vilikuwa vitu vyetu viwili vya kuchagua.

Vituo vingi vya afya vya mkoa wetu vina ultrasaundi ya wajawazito. Proba yake ina uso uliopinda, inatumia mawimbi ya kiasi cha megahezi 3 hadi 5, na inaona mbali, hadi kwa mtoto tumboni. Ukiiweka kwenye titi unapata ukungu. Kwa titi inatakiwa proba ya uso ulionyooka, ya megahezi 7 na kuendelea, ambayo haioni mbali lakini inaona vizuri vilivyo karibu. Mashine nyingi zina tundu la pili la kuchomeka proba hiyo, na limeziba vumbi toka siku mashine ilipofika. Mwenzangu, kabla hujaomba kifaa kipya chochote, zunguka nyuma ya mashine yenu ukaangalie.

Kile ambacho ultrasaundi inakifanya na kifaa cha mguso hakiwezi ni kutofautisha maji na nyama. Rudi kwenye zabibu. Uvimbe wa maji ndani ya titi ni jambo la kawaida sana, hasa kwa wanawake wanaokaribia kukoma hedhi. Ukiwa umelegea, kifaa cha mguso kinaupita. Ukiwa umejaa na kukaza, kifaa kinauchora kama kitu kigumu cha kutisha. Kwenye ultrasaundi maji ni meusi tii, yana ukingo laini, na nyuma yake panang'aa. Hata aliyefundishwa kwa muda mfupi anaujua uvimbe wa maji wa wazi akiuona. Mama anaambiwa siku hiyo hiyo, anarudi nyumbani bila kulazimika kulipa nauli ya kwenda mjini.

Faida nyingine ni sindano. Uvimbe wa nyama hauna mwamuzi ila kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe wenyewe, na kukipeleka maabara ya patholojia. Ultrasaundi inaongoza sindano mpaka ndani ya uvimbe, unaiona ikiingia. Ramani ya mguso inakuambia "ni hapa" juu ya ngozi, lakini chini ya ngozi sindano inakwenda gizani.

Kwa msichana na kwa mama anayenyonyesha, ultrasaundi ndiyo ya kwanza bila mjadala. Wasichana wengi wenye uvimbe unaoteleza chini ya kidole kama goroli wana faibroadenoma, ambayo si saratani. Ni ngumu kiasi, ni ya mviringo, na kifaa cha mguso kitaichora vizuri mno bila kuweza kusema ni nini.

Ultrasaundi nayo ina hitaji lake, na hitaji hilo ni mtu aliyefundishwa. Picha yake haijisomi. Mpimaji asiyefundishwa titi ataona uvimbe kwenye kila kipande cha mafuta, au ataupita ulio mbele yake. Kifaa cha mguso kinafundishika haraka zaidi, na mhudumu anaweza kwenda nacho kijijini kwa bodaboda, kikiwa na betri, akakitumia chini ya mbuyu penye pazia. Ultrasaundi nyingi za vituoni haziendi huko. Kama kazi yenu ni huduma ya mkoba, kijiji kwa kijiji, uzito wa mizani unahama, na sitakataa.

Ipo pia elastografia, inayounganisha mambo haya mawili: ultrasaundi inaangalia jinsi nyama inavyobonyea ndani na kuchora ugumu wake kwa kina. Ilianzishwa na Jonathan Ophir na wenzake kule Houston mwaka 1991. Ni nzuri, inahitaji mashine za bei ya juu, na kwa ngazi ya kituo cha afya naipita.

Mamografia

Mamografia inaona jambo ambalo kidole, kifaa cha mguso na mara nyingi hata ultrasaundi haviwezi kuliona: vichembe vya kalsiamu, vidogo kama vumbi la chaki, ambavyo wakati mwingine ndiyo dalili pekee ya saratani iliyo bado ndani ya mirija ya maziwa. Hapo hakuna uvimbe wa kugusa. Hakuna goroli wala zabibu.

Kiasi cha mionzi ni kidogo, kama milisiveti 0.4 kwa uchunguzi mzima, sawa na ile tunayoipata kwa asili ardhini na angani kwa wiki 7 hivi. Akina mama wanaoogopa eksirei naomba wasiikatae kwa sababu hiyo. Titi linabanwa, linauma kwa muda mfupi, basi. Udhaifu wake ni titi lenye tezi nyingi, ambalo kwenye picha ni jeupe. Na uvimbe nao ni mweupe. Ndiyo maana kwa walio chini ya miaka 40 haipewi nafasi ya kwanza.

Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi wa mamografia kwa wanawake wa miaka 50 hadi 69 kila baada ya miaka 2, pale tu mfumo wa afya unapoweza kuubeba wote: mashine, wasomaji, maabara, matibabu. Kwa nchi zenye uwezo mdogo linatilia mkazo kumtambua mapema mwenye dalili. Kwa huku kwetu mashine hii ni ya hospitali za rufaa mjini. Anayetoka Mpwapwa au Kondoa anasafiri zaidi ya kilomita 100. Nawashauri wapige simu kwanza, waulize kama mashine inafanya kazi wiki hiyo na kama daktari wa kusoma picha yupo.

Karatasi, vumbi na vipuri

Mashine ya eksirei yoyote, mamografia ikiwemo, inahitaji leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania na chumba chenye kinga ya mionzi. Ultrasaundi na kifaa cha mguso havina mionzi hiyo, havihitaji chumba cha namna hiyo. Vyote, hata kile kidogo cha kiganjani, ni vifaa tiba, na vinatakiwa viwe vimesajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Muombe muuzaji namba ya usajili. Akianza kuzungukazunguka, mkaribishe chai na mwachane kwa heri.

Muulize pia: uso wa vihisi unadumu mara ngapi kabla ya kubadilishwa, na unabadilishwa wapi? Uso huo ni wa mpira laini au silikoni, na upepo wa Dodoma kati ya Julai na Oktoba unaleta vumbi linaloingia hata kwenye saa ya mkononi. Programu inalipiwa kila mwaka? Ramani zinakaa kwenye kishikwambi au kwenye seva ya nchi nyingine? Picha ya titi la mgonjwa ni siri yake, iwe ya rangi au ya rangi nyeusi na nyeupe. Na muulize swali ambalo mimi nililiuliza na kujibiwa kwa tabasamu: mama akikutwa na doa jekundu, kifaa chako kinamfikishaje kwenye kinyama?

Nani achague nini

Mama aliyeshika uvimbe kwa mkono wake mwenyewe asipoteze siku kutafuta kifaa cha mguso. Uvimbe umeshaguswa, kumbukumbu yake ni yeye mwenyewe. Aende kwenye ultrasaundi ya titi, na kama ana miaka 40 au zaidi aongeze mamografia, na uvimbe wa nyama uchukuliwe kinyama. Nasema hivi hasa kwa wale wanaoambiwa "ni maziwa tu" wakati mtoto ameshaachishwa mwaka mzima. Hali kadhalika kwa chuchu iliyoanza kuingia ndani, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, au damu inayotoka kwenye chuchu: ramani ikiwa safi haifuti dalili hizo.

Mama asiye na dalili, kijijini, anayepata bahati ya kuchunguzwa na mhudumu mwenye kifaa hiki, akubali. Hakina madhara, hakichomi, na mkono unaokishika kwa kawaida umefundishwa kuchunguza. Akumbuke tu kuwa jibu zuri la leo ni la leo.

Zahanati yenye muuguzi mmoja au wawili ianze na vidole na daftari. Sihitaji kusitasita hapo. Mafunzo ya vidole ni unga wa kilo 2, au titi la silikoni la kufundishia kama mnaweza kulipata. Kifaa cha mguso kije baadaye, kikipatikana, kwa ajili ya kumbukumbu na rufaa. Kituo cha afya chenye ultrasaundi na mtu aliye tayari kufundishwa kichukue proba ya uso ulionyooka. Timu ya huduma ya mkoba inayozunguka Bahi au Chemba, yenye daktari anayepokea ramani hizo upande wa pili wa simu na kuzifanyia kazi, hiyo ndiyo naiona ikikitumia kifaa cha mguso kwa haki yake.

Wanaume wameniuliza kuhusu tezi dume. Wazo ni lile lile: mwaka 2012 FDA iliruhusu kifaa cha kuchora tezi dume kwa kuhisi shinikizo kupitia njia ya haja kubwa, nacho pia kwa ajili ya kumbukumbu baada ya kidole cha daktari kukuta kitu. Kwa mzee wa huku, kidole cha daktari pamoja na kipimo cha damu cha PSA bado ndiyo njia iliyo wazi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 una lengo ambalo nimelibandika ukutani: toka mama anapofika na dalili hadi anapopata jibu kamili, zisizidi siku 60. Nilichukua faili za kituo chetu nikazihesabu siku kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Siku nyingi zaidi zilipotea kati ya sisi kushika uvimbe na mtu mwingine kuamini kwamba upo. Muda wa kuushika wenyewe ulikuwa mfupi. Kwa hesabu hiyo nilijaribiwa sana kuchagua kifaa cha mguso, kwa sababu ya ile ramani inayosafiri na mama.

Tumechagua proba. Picha ya ultrasaundi nayo inasafiri, na inabeba jambo moja zaidi, kwamba kilichomo ni maji au ni nyama. Mafunzo yanaanza wiki ya pili ya mwezi ujao, siku 5, na mkufunzi ameomba tuandae vitu vya kufanyia mazoezi. Nimemwambia nitaleta zabibu.